Kingereza ya Muntu wa Hapa

Nyabiondo, 9 mwezi wa tisa

Kaye hii ya kurasa mia nilinunua kwa kuandika majina ya dawa na ya magonjwa. Kazi wameninyima, basi nitaandikamo hasira yangu.

Nimerudi sasa hivi kutoka Masisi, matope mpaka magotini. Kule iko biro ya shirika lililofungua kituo cha afya Kilambwe, njia ya Walikale. Wanatafuta mukalimani, juu dokta wao mupya, Dokta Morag, ni mama wa Écosse, kaskazini ya Uingereza, na Kifaransa hajui hata bonjour. Walibandika tangazo: muntu anayejua Kingereza, Kiswahili, Kihunde na Kinyarwanda. Nilisoma lile tangazo nikacheka peke yangu, maana ni kama waliniandikia mimi. Kinyarwanda ni ya nyumbani, Kihunde ni ya majirani tunaolima nao, Kiswahili ni ya kila mutu, na Kingereza nilisoma miaka kumi na moja kambini Uganda. Juma lililopita walinijaribu siku nzima Kilambwe. Dokta alifurahi, akanishika mikono yote mbili, akasema tangu afike hajasikia wagonjwa wake vizuri namna ile.

Leo Papa Zéphyrin, mwenye kuandika wafanyakazi, akavua miwani, akasema: "Dada Tumukunde, Kingereza yako ni muzuri sana. Ile njo tatizo."

Nikafikiri ananitania. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Raia wa Kilambwe wamelalamika," akasema. "Wanasema ile Kingereza haiko ya huku. Sisi Wakongomani tunajua namna tunaongeaka Kingereza. Tunaongea na Kifaransa ndani. Ya kwako haina Kifaransa hata kidogo. Wanasema huyu dada ametoka ng'ambo ya mpaka, nani amemutuma?"

"Nani amenituma? Njaa, Papa Zéphyrin! Mimi ni mutoto wa Kanyamibwa wa Nyabiondo. Nilikimbia vita nikiwa na miaka minane. Kambini hatukuchagua aksan, namna ya kutamka, tulichukua ile ya mwalimu aliyekuwa pale."

"Mimi najua, dada. Lakini pale bariere, ule muti waliofungia njia ya Kilambwe, hakuna mutu atakuuliza historia yako. Wanasikiliza tu mudomo. Rudi kisha mwezi moja. Kama Kingereza yako imekuwa ya muntu wa hapa, nafasi ni yako. Dokta hataki mwingine."

Ya Yesu! Kwa maneno mengine, niende nikaharibu kitu ninachojua ili wanipe kazi ya kitu ninachojua.

10 mwezi wa tisa

Mvua. Sikula.

13 mwezi wa tisa

Nilimweleza mama yangu, Nyirabagenzi. Alivaa kikwembe chake cha misa, akaenda kwa shefu ya lokalite na kuku moja, akarudi na karatasi yenye kashe, muhuri ya shefu: Tumukunde, binti Kanyamibwa, alizaliwa Nyabiondo. Leo nimeteremka nayo mpaka Masisi. Papa Zéphyrin aliisoma mara mbili, akasema karatasi ni muzuri, akaikunja, akanirudishia. "Lakini karatasi haina sauti," akasema.

Mama angekuwa pale, angemudai kuku aliyempa shefu.

16 mwezi wa tisa

Tumepanda maharagi upande wa juu wote, na majirani wanane walikuja kusaidia, kesho ni zamu yetu kwenda kwao. Mvua ya wakati huu ni ya wema, udongo unashika. Nikiwa na jembe nimefikiri sana. Nani Nyabiondo anaongea Kingereza yenye Kifaransa ndani? Ni mutu moja tu: Prof Jean-Marie.

Prof alifundisha Kingereza kwa institi, sekondari ya hapa, miaka makumi tatu na moja. Hajawahi kuvuka mpaka hata moja. Kingereza alifundishwa na Mubeljiki, na yule Mubeljiki sijui alifundishwa na nani. Nilipotoka Uganda, nilimusikia siku moja anasalimia wageni kanisani, nikajificha nyuma ya mama ili nicheke. Sasa njo mwalimu wangu. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

18 mwezi wa tisa

Nilimudanganya. Nilisema nataka anisahihishe sarufi. Alifurahi mpaka nikaona haya. Alifuta ubao wake barazani, akaandika tarehe, akasema: "Mademoiselle, wewe unaongea mbio, lakini hauna msingi."

Hana msingi nani? Nilifungua kaye, lakini sikuandika anachosema, niliandika namna anavyosema. Ile h ya mwanzo anaiacha mulangoni. Hospital inakuwa ospital, house inakuwa aus. Ile sauti ya ulimi katikati ya meno, mwalimu wetu wa kambini alitupigia fimbo mpaka tukaijua, Prof anaitupa na kuweka z: zis, zat, ze mozer. Na uzito wote wa neno anaubeba mpaka mwisho, anauangusha pale.

19 mwezi wa tisa

Mashavu yananiuma.

24 mwezi wa tisa

Tunapalilia kwa jirani, Mama Uwamwezi. Nilikuwa nasemasema peke yangu katikati ya mistari: zis, zat, zoz. Mama Uwamwezi akasimamisha jembe, akauliza mama yangu kama nimepata homa. Mama akamujibu: "Anajifunza kuzaliwa hapa." Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Mama akicheka na watu namna ile, ujue imemuuma.

Jioni aliniambia mwacha asili ni mutumwa. Nikamuuliza, asili yangu ni gani sasa, ile niliyopewa na baba ao ile niliyopewa kambini? Akasema nikoroge bugali, maswali hayashibishi.

28 mwezi wa tisa

Leo nilimwona Prof kwa jicho lingine kidogo. Alinisomesha habari ya muto na daraja, akaisoma mwenyewe kwanza, kwa sauti, akisimama. Ile Kingereza yake si mbovu. Hana kosa hata moja. Kila neno liko mahali pake, ni nguo tu iliyoshonwa na fundi mwingine. Na mimi nakaa mbele yake na kumuibia mudomo.

2 mwezi wa kumi

Prof amenishika.

Nilikuwa nasoma, naye alikuwa nyuma ya nyumba anafunga mbuzi. Alifikiri nimemaliza na kwamba ni yeye mwenyewe anajisikia, alivyosema baadaye. Alikuja polepole mpaka barazani, akasimama, akanisikiliza nikisoma na sauti yake: h zake, z zake, hata ile pumzi anavutaka mbele ya nukta.

"Unanicheka?"

"Hapana, Prof."

"Tumukunde. Unanicheka ndani ya nyumba yangu?"

Basi nikamwaga yote: bariere, raia, Papa Zéphyrin, mwezi moja. Nilifikiri atanionea huruma. Alikasirika zaidi. Alisema: "Ile kazi mimi pia niliiomba. Haukujua? Mwezi wa saba. Huyo dokta wa Écosse alinisikiliza, akatikisa kichwa, akauliza kama iko mwingine. Miaka makumi tatu na moja! Wanafunzi wangu wako mpaka Kinshasa, wako Ubeljiki. Na yeye hakusikia hata jina langu. Sasa wewe unakuja kuvaa Kingereza yangu, unaenda nayo pale waliponifukuzia!"

Nilichukua kaye yangu. Njia yote nilikuwa na hasira, na kwa mara ya kwanza haikuwa hasira yangu peke yangu. Mimi wananikataa juu nasikilika sana, yeye walimukataa juu hasikiliki. Basi hapa wanataka muntu gani?

3 mwezi wa kumi

Sikuenda.

4 mwezi wa kumi

Sikuenda. Mvua ya mawe kidogo, maharagi hayakuumia.

6 mwezi wa kumi

Prof mwenyewe alikuja shambani, na fimbo yake na koti ya darasa. Mama alimupa kiti. Alikaa, akaangalia mistari, akasifu maharagi. Kisha akasema bila kuniangalia: "Ile r yako bado ni mbaya. Inatoka kwa ulimi. Yetu inatoka kooni. Kesho saa tisa."

Mama alimufungia sombe, majani ya muhogo, aende nayo.

12 mwezi wa kumi

Masisi, biro. Papa Zéphyrin alikaa na wazee wawili wa Kilambwe, na kaka Fiston, muganga wa kituo, ambaye anajua Kingereza kidogo. Wazee hawajui hata neno moja. Walikuja kusikiliza tu, kama vile mutu anasikiliza injini ya pikipiki kabla hajainunua.

Niliongea dakika kumi. Nilieleza namna ya kuosha kidonda. H sikuacha hata moja iingie. Nilipomaliza, muzee moja akapiga magoti yake makofi, akasema: "Bon! Huyu njo wetu. Unasikia? Unasikia vile inapanda inashuka? Ni ya kwetu kabisa."

Fiston alicheka, akasema: "Dada, mara ya kwanza ulitutisha, kweli."

Nimepata kazi. Niliweka kidole na sahihi. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya biro, nikalia kwa hasira, mvua ikanisaidia watu wasijue. Siku thelathini! Kumbe siku thelathini zinatosha ili mutu awe mutoto wa mahali alipozaliwa. Kaburi za babu zangu zimelala pale juu tangu kabla ile bariere haijafikiriwa, na zote hazikutosha. Ilitosha h.

Kilambwe, 20 mwezi wa kumi

Pikipiki iliyonileta ilianguka mara tatu njiani. Niko na chumba cha mbao, kitanda, na dirisha moja linaloangalia musitu.

23 mwezi wa kumi

Kwa bariere walinipitisha wakicheka. "Mademoiselle, sema kidogo!" Nikasema kidogo. Wakafurahi, wakainua muti. Dokta alikuwa kando yangu ndani ya gari. Aliniangalia, akaangalia nje.

Yeye hajauliza kitu. Siku ya kwanza alikunja tu uso, akaniomba nirudilie. Pengine anafikiri ana masikio mabaya ao kwamba nimesahau. Na yeye Kingereza yake! Anaongea kama mutu amemeza viazi vya moto. Mwanzoni nilitumia nguvu zote ili nimusikie. Hakuna mutu wa Kilambwe aliyekwenda kulalamika kwamba ile si Kingereza ya huku, hakuna aliyeuliza nani amemutuma.

30 mwezi wa kumi

Wagonjwa makumi sita na nane. "Rudilia." "Rudilia, Tumukunde." "Polepole." Siku nzima.

8 mwezi wa kumi na moja

Kazi inaniingia. Wamama wananiita muganga ingawa siko muganga. Leo mama moja wa Ngungu aliyekimbilia huku alisikia Kinyarwanda yangu, akashika kichwa, akasema tangu atoke kwao hajapata mutu wa kumweleza maumivu yake bila kuyapunguza. Nilimweleza dokta yote, na Kingereza ya Prof. Alirudilisha mara nne. Mara ya tano nilichora kwa karatasi tumbo na mushale.

Kama ningeongea yangu, ni mara moja tu. Lakini Fiston iko chumba cha kando, ukuta ni mbao, na watu wako kwa foleni.

15 mwezi wa kumi na moja

Njia imekatika kwa mulima. Dawa hazijafika.

22 mwezi wa kumi na moja

Kitu kimebadilika na kinaniogopesha. Dokta haniombi tena nirudilie. Ninaongea, anatikisa kichwa, anaendelea. Mwanzoni nilifurahi, nikafikiri amezoea. Leo nilimwambia mutoto anahara tangu siku nne. Akatikisa kichwa. Kisha akaandika siku moja. Nilionyesha vidole vyangu vinne, akaona haya, akasahihisha. Kumbe hajazoea kitu. Amechoka kuuliza, na ni mama mwenye adabu, hataki kuniaibisha.

Nilitaka kumwambia siku ileile. Nikaenda mpaka mulango wake. Fiston alikuwa barazani anakunywa chai, akanipigia kelele: "Dada yetu!" Nikarudi.

29 mwezi wa kumi na moja

Mama ametuma salamu: maharagi yameanza kukauka, mvua ikipunguka watavuna. Prof amesaidia kufukuza mbuzi za watu.

3 mwezi wa kumi na mbili

Nitaandika, nisipoandika sitalala.

Saa nane hivi walileta mama Drocella kwa kipoyi, watu wanne wamebeba, kutoka mulima wa nyuma. Maji ya mutoto yalivunjika juzi. Homa kali. Mama mukwe wake, Mama Rosalie, alikuwa anakimbia nyuma ya kipoyi, mutu muzima, bila viatu. Fiston alikuwa chumba cha kando anapima watoto. Ndani tulikuwa sisi wanne: dokta, mimi, mugonjwa, na Mama Rosalie.

Dokta alipima, akasema mutoto atatoka, lakini damu ya mama imeingia ugonjwa, lazima sindano sasa hivi. Aliivuta mwenyewe. Alitaja jina, penisilini. Mama Rosalie hajui Kingereza, lakini lile neno alilijua. Alinikamata kikwembe, akaanza kusema na Kinyarwanda, mbio, akilia: mwaka jana Drocella alipigwa ile sindano, alivimba uso, akavimba koo, pumzi ikakatika, akaanguka kama mufu, na waganga waliomwamsha walisema akipigwa tena mara ingine, hataamka.

Niligeuka kwa dokta, nikasema. Nikasema na ile Kingereza ya bariere. Maneno yote yalikuwamo, sawasawa, hakuna kosa. Na dokta akatikisa kichwa.

Akatikisa kichwa! Akashika mukono wa Drocella, akatafuta mushipa.

Nilisema tena. Akanijibu "ndiyo, ndiyo", macho kwa mushipa. Alifikiri nasema mama anaogopa. Hapo nikatafuta Kingereza yangu mwenyewe, na haikuja. Mungu wangu. Nilifungua mudomo, na ulimi ulikuwa umekwama upande ule mwingine. Miaka kumi na moja, na majuma kumi na moja yameifunika. Nilimukamata dokta kwa kifundo cha mukono, muzungu na sindano yake, nikavuta, na ile kuvuta njo ilinifungua. Ikatoka yote, kwa sauti kubwa, ile ya kambini, ile ya mwalimu wetu wa fimbo: asimamishe, ile dawa itamuua, ilikaribia kumuua mwaka jana.

Dokta alisimama kama jiwe. Aliweka sindano chini. Hakuomba nirudilie.

Akachukua dawa ingine. Kisha tuliendelea mpaka saa kumi na moja, yeye anauliza mbio, mimi najibu mbio, Mama Rosalie ananiambia, mimi namwambia, bila kusimama hata mara moja. Mutoto ni binti. Drocella iko muzima, homa bado lakini iko muzima.

Nilipoinua macho, Fiston alikuwa mulangoni na ratili ya kupimia watoto mukononi. Sijui alikuwa pale tangu wakati gani. Dokta alikuwa ananawa mikono. Alisema bila kugeuka: "Hiyo Kingereza ya ile siku ya kukujaribu, ulikuwa nayo wakati wote?"

Nikasema ndiyo.

"Na majuma sita umeniacha nikisie magonjwa ya watu?"

Alikuwa na hasira, na haki ilikuwa yake, na mimi pia nilikuwa na hasira, na haki ilikuwa yangu. Nilitoka nikaenda kufua mashuka ya Drocella mwenyewe, ili niwe na kitu cha kukamua.

4 mwezi wa kumi na mbili

Kilambwe yote inajua. Kwa fontene, pale tunapochota maji, wamama walinyamaza nilipofika. Kwa bariere wanasema sasa mambo ni mabaya zaidi: mwanzo walifikiri ni mugeni, sasa wanasema ni mugeni anayejificha. Mutu mwenye Kingereza mbili, wanasema, moja ni ya kutuonyesha, ingine ni ya kutuuzia. Eti mimi ni jasusi! Jasusi wa kufua mashuka!

Fiston njo amesema. Nani mwingine? Alikunywa chai yangu, aliniita dada yetu, akangoja tu nianguke. Leo alinisalimia, sikumuitikia.

5 mwezi wa kumi na mbili

Si Fiston.

Ni Mama Rosalie. Na hakunisema vibaya, masikini, alinisifu! Tangu juzi anazunguka nyumba kwa nyumba, kwa fontene, sokoni, anasimulia: "Yule binti alimushika dokta mukono, akamugombeza na Kingereza ya kweli, kama ile ya radio, mpaka dokta akaogopa!" Anaiga hata sauti yangu, wanasema anaiiga vizuri. Mama huyu anaimba sifa zangu, na kila sifa ni kuni kwa moto wanaotaka kunichomea.

Fiston alikuja mwenyewe kwa mulango wangu. "Dada, mimi sikusema kitu," akasema. "Mimi nilijua tangu mwezi wa kumi kwamba ile ya kwanza bado unayo. Unaongeaka peke yako ukifua." Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema: "Kaka yangu anafanya kazi Bisie, kwa machimbo ya Walikale. Kule wanamuambia yeye ni muntu wa Masisi, haiko wa Walikale. Huku wanamuambia ni muntu wa Bisie. Nimechoka na haya mambo."

Nilimuomba msamaha. Nilimuchemshia chai.

6 mwezi wa kumi na mbili

Papa Zéphyrin atafika kesho. Raia wameandika barua yenye sahihi makumi mbili na mbili. Mama Rosalie amesikia kwamba kuna barua ya kuandika juu yangu, akaja mbio, akaweka kidole chake pia. Alifikiri ni ya kunishukuru.

7 mwezi wa kumi na mbili

Dokta aliita watu ndani ya chumba chake asubuhi. Papa Zéphyrin alikaa na barua kwa magoti, matope ya njia bado kwa suruali. Fiston alisimama kwa mulango. Mimi niliwekwa katikati, kwa kiti cha mukalimani, kama siku zote, ingawa kesi ni yangu.

Dokta aliuliza swali moja, nami nikalitafsiri kwa Kiswahili bila kulipunguza: anataka kujua nani alimwambia mukalimani wake aongee namna yeye hawezi kusikia, ndani ya nyumba ambapo watu wanakufa wasiposikilizwa.

Papa Zéphyrin alijikuna shingo. Alinigeukia, akasema polepole: "Tumukunde, mwambie tu kwamba ulikuwa na haya. Mwambie ulikuwa bado unazoea."

"Ule ni uongo, Papa. Uongo sitafsiri. Mujibu ile ya kweli."

"Unataka niharibu mambo? Mimi si mubaya, unajua. Mimi naogopa tu. Wakichoma kituo, nani ataulizwa? Si mimi?"

Nilimuamini. Niliangalia macho yake nikaona ni kweli anaogopa, tena tangu zamani, na kwamba ile siku ya mwezi wa tisa alipovua miwani alikuwa anaogopa vilevile. Lakini woga wake alikuwa ameuweka ndani ya mudomo wangu, na Drocella alikaribia kuulipia.

"Basi mujibu wewe mwenyewe," nikasema. "Unajua Kingereza kidogo. Tena iko na Kifaransa ndani. Itapendeza raia."

Fiston aliangalia chini. Papa Zéphyrin alisimama. Akakohoa. Akaanza: "Doctor, ze population..." Dokta akainamisha sikio, akasema pole, hajasikia. Akaanza tena. Dokta akasema pole. Mara ya tatu jasho lilimutoka, na sikufurahi nilivyofikiri ningefurahi. Nilimukumbuka Prof na koti yake ya darasa.

Mwisho Papa Zéphyrin aliketi na kusema yote mbio, kwa Kiswahili, bila kumuangalia mutu: "Haya. Raia wakisikia ile Kingereza ingine wanasema huyu haiko wa hapa. Kazi ni yake, hatutamufukuza. Lakini akiwa mbele ya watu aongee ile yenye Kifaransa ndani, ili wasadiki kwamba yeye ni mutoto wa hapa. Njo hivyo. Sina lingine."

Dokta akanigeukia. "Anasema nini?"

Mukalimani haongezi, hapunguzi. Nilinyoosha mugongo, nikamwambia polepole, na Kingereza yangu, h zote ndani: "Anasema nitabaki na kazi, lakini niongee namna ambayo watu watasadiki kwamba nilizaliwa pale nilipozaliwa."

Kila neno lilimufikia wazi, lakini dokta akasema hajasikia, akaniomba nirudilie.

Nikarudilia.